Kabati Lililokula Jeshi la Mzee

14 Tannery Row,
Newark, Nottinghamshire,
Uingereza.

Alhamisi, 9 Mei 1996

Mpendwa Shemeji Rodney,

Pokea salamu zetu za Newark, zenye mvua ndani yake kama kawaida. Goti lako linasemaje? Barua yako ya Machi ilituacha ukipanda ngazi za nyumbani kwako kwa mkongojo, na tangu siku hiyo Avis ananiuliza mimi habari za goti hilo, kana kwamba ninaliona nikiwa hapa. Glenys je, kifua kimetulia? Na Tamsin, amemaliza mitihani? Tujibu moja moja, shemeji. Usituandikie kuwa nyote hamjambo halafu ukaweka nukta, dada yako hataki majibu ya namna hiyo.

Sisi hatujambo kwa kadiri ya umri wetu. Avis anasumbuliwa na mgongo lakini ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana. Mimi nina kikohozi, nitakueleza kimetoka wapi. Baba yenu, Mzee, ametimiza miaka themanini na minne na bado anamaliza pai nzima ya nyama peke yake, huku akilalamika kwamba siku hizi wanatia nyama kidogo. Macho ndiyo yanayomwangusha. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na atapasuliwa Septemba. Gazeti halisomi tena. Ila kwa kile kioo chake cha kukuzia, mwanga ukiwa mzuri, bado anaweza kukuambia koti la kijiaskari lina vifungo vingapi.

Nimekusalimu vya kutosha na sasa sina tena pa kujificha. Jeshi la Mzee, vile vijiaskari vyake vya madini ya risasi, linaoza. Si lote, ni ile nusu ya Bunge, lililopigana na Mfalme, pamoja na Waskoti wake, wanaouzingira mji. Kinacholiozesha ni kabati nililolitengeneza mimi kwa mikono yangu. Mzee hajui. Keshokutwa Jumamosi, katika ukumbi wa parokia, mbele ya chama chetu kizima cha vita vya mezani na watu wa mji, atalikagua jeshi hilo kabla ya vita kuanza. Barua hii haitakufikia kabla ya hapo, kwa hiyo sikuombi ushauri. Naandika kwa sababu nina jambo zito kifuani na mke wangu hasemi nami.

Nianze na kabati. Mzee alipohamia kwetu Oktoba ya mwaka juzi alikuja na sanduku moja la nguo na masanduku ishirini na sita ya vijiaskari. Avis akampa chumba cha mbele. Kule kwake, unakumbuka, vilikaa kwenye rafu za chuma alizonunua reli ilipofunga ofisi zake, wazi kabisa, vumbi likivishukia mwaka hadi mwaka na yeye akilipangusa kwa brashi ya kunyolea. Nilipoziona rafu zile nikasema moyoni, hapa ndipo nitakapomwonyesha mzee huyu amemwoza binti yake kwa nani.

Maana unajua tulikotoka. Miaka thelathini na moja nimekaa na dada yako, na kwa miaka yote hiyo baba yenu hajanisema vibaya wala vizuri. Kabla ya harusi alimwambia marehemu mama yenu kwamba Avis angeweza kumpata karani mwenye kalamu sikioni badala ya seremala mwenye penseli. Niliyasikia maneno hayo nikiwa nyuma ya mlango, nikayameza, na kila Krismasi nimepokea soksi zangu na kusema asante. Sikwambii haya ili umlaumu. Nakwambia ili ujue kabati lile lilikuwa nini kwangu.

Nilikwenda mwenyewe kuchagua mwaloni, ubao mmoja mmoja, mpya, wenye nyuzi zilizonyooka. Nilifanya kazi miezi minne, nikamaliza kabla hajahamia. Skrubu zote nilitia za shaba, kwa sababu kila seremala anajua kwamba mwaloni hula chuma: ukipigilia msumari wa chuma, baada ya muda unabaki na doa jeusi na msumari uliokwisha nusu. Hilo nililijua tangu nikiwa na miaka kumi na mitano, nikijifunza kazi. Halafu nikalijaza kabati hilo askari elfu moja na mia mbili wa risasi, na sikujiuliza hata siku moja kama mti unaokula chuma utaionea risasi huruma.

Na milango, Rodney. Niliifunga kwa ufundi wangu wote. Nilizungushia kila fremu ukanda wa sufu ili vumbi lisipite, na hata hewa haikupita. Siku Mzee alipolifungua mara ya kwanza alipitisha kiganja kwenye rafu, akafunga mlango polepole, akasikiliza namna ulivyoingia mahali pake bila kelele. Akasema, "Neville, hii ni kazi." Maneno manne, pamoja na jina langu. Nilitembea nayo mjini wiki nzima kama mtu aliyepewa nishani.

Watu wa Mfalme, wale wa ndani ya mji, aliwapanga juu, usawa wa uso wake, na kila asubuhi baada ya chai huwafungulia na kuwatazama. Wazingiraji aliwapanga chini. Magoti yake hayamruhusu kuchutama, kwa hiyo ile milango ya chini ilifungwa Oktoba ile na haikufunguliwa tena. Mwaka jana tu chama hakikucheza vita hivi, tulikuwa tunangoja mwaka huu, miaka mia tatu na hamsini tangu mji wetu uzingirwe. Miezi kumi na tisa, giza, na harufu ya mwaloni mpya.

Ijumaa ya tarehe 26 Aprili, Avis alimpeleka Mzee kunyolewa, nami nikachutama nifungue kule chini ili nianze kupanga masanduku ya kubebea. Harufu ya siki ilinipiga puani. Nilidhani nimeona ukungu wa unyevu. Waskoti walikuwa wamepakwa unga mweupe miguuni mpaka magotini, kama watu waliopita kwenye ghala la ngano. Nikamshika mmoja kitakoni, kile kipande cha chini anachosimamia, kama desturi inavyotaka. Kitako kilikuja mkononi. Yeye alibaki amesimama kidogo, akaanguka.

Nilifunga mlango nikakaa sakafuni. Waliporudi kutoka kwa kinyozi nilisema tumbo linaniuma.

Jioni ile nilimwendea Clifford Tansley, katibu wa chama. Unamkumbuka, yule mwenye masikio, ambaye kila mwaka huongoza wazingiraji dhidi ya baba yako na kila mwaka hulaumu dadu. Nilimpelekea askari watatu ndani ya kopo la biskuti. Hakuwatazama sana. Alinusa kopo, akaniuliza kabati ni la mti gani. Nilipomjibu alifumba macho. Akasema mwaloni hutoa mvuke mkali unaogeuza risasi kuwa unga, hasa mwaloni mpya, hasa mahali pasipo na hewa, na kwamba kwa wakusanyaji wa zamani jambo hilo ni kama tauni. Akasema huanzia chini ya kitako kwa sababu hapo ndipo pasipopakwa rangi. Ninachokikumbuka zaidi ni alivyomalizia, kwa upole, akinimiminia chai: "Bwana Neville, ungeacha nyufa kwenye milango wangepona."

Laiti ningekuwa fundi mbovu, shemeji. Watu wa juu wako salama kwa sababu Mzee anawafungulia kila siku. Wa chini wamekufa kwa ajili ya ule ukanda wa sufu.

Tangu siku hiyo mimi na Clifford tumekuwa tukiwatorosha wagonjwa kwenda karakana kwangu, hamsini hamsini, Mzee akiwa amelala mchana. Tunawasugua kwa miswaki laini. Unga huo ni sumu, inabidi kufunga kitambaa puani, na mimi mwanzoni sikufunga. Ndicho hicho kikohozi changu. Kati ya mia sita na kumi na moja, wengi tumewawahi. Mia na themanini hivi risasi yao ni nzima lakini rangi imebanduka yote, wako uchi. Tisini na tatu hawapo tena. Nimewaweka kwenye ndoo, sijui nimngojee nani aniambie niwatupe. Bendera zote zimepona kwa sababu ni karatasi, na mkono wa mama yenu, aliyezichora zote kabla hajafariki, bado unaonekana kwenye kila moja.

Nimeshika jeshi la mtu bila ruhusa yake. Wewe umekulia katika nyumba ile, unajua maana yake.

Na unajua pia wale wazingiraji ni nini kwa baba yako. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Mama yenu alipofariki alikaa miezi miwili bila kufungua pazia, halafu siku moja Avis akamkuta mezani na brashi, akipaka uso wa Mskoti wa kwanza. Miaka saba aliwapaka. Hakumwambia mtu kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomzuia asimfuate mkewe, lakini sote tuliona. Ndiyo maana nilishindwa kumwambia siku ya kwanza. Siku ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na leo ni ya kumi na nne.

Avis aligundua juzi Jumanne. Alileta chai karakana bila kubisha hodi na kutukuta tumefunga vitambaa kama majambazi. Nilimweleza yote. Nikamwambia nitamweleza baba yake Jumamosi ikishapita, aache kwanza mzee apate siku yake, huenda ni ya mwisho. Dada yako hakupandisha sauti. "Leo wewe ni fundi aliyekosea," akasema. "Jumapili utakuwa mwongo." Akaongeza kwamba mficha maradhi kilio humfichua, akachukua chai yake akaondoka. Tangu hapo anazungumza nami kupitia kwa paka.

Mpango wenyewe ni huu, uusikie uaibike pamoja nami. Clifford ana Waskoti wake, kipimo kilekile, mavazi yaleyale. Ametoa tisini na tatu kujaza pengo. Kazi yake si kazi ya Mzee hata kidogo. Clifford huzungushia kila kitu mstari mweusi, mkanda, mfuko, kidevu, na Mzee amemcheka kwa hilo miaka ishirini, anawaita katuni. Wale walio uchi tutawapanga katikati ya vikosi, wafunikwe na mikuki ya wenzao. Wale wa Clifford tutawaweka upande wa mto, ambako taa ya ukumbi haifiki vizuri. Tunategemea mtoto wa jicho, Rodney. Tunategemea upofu wa mzee.

Avis ameweka chakula mezani, nasikia sahani zikiwekwa kwa nguvu. Naiacha barua hapa.

*

Jumapili, 12 Mei

Sikulala Ijumaa. Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa ukumbini, meza ya futi kumi na nane imetandikwa kijani, mto Trent umepakwa buluu, mji katikati na ngome yake iliyochongwa kwa vizibo. Watu walikuwa wanaingia na watoto wao, kiasi cha sitini. Avis alikuwa kwenye birika kubwa la chai, mgongo wake umenielekea. Mzee alivaa tai na koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, alivyoving'arisha mwenyewe tangu Alhamisi.

Desturi yake haijabadilika tangu ulipokuwa hapa. Kabla ya dadu la kwanza huvua kofia, hutoka upande wake, huzunguka meza hadi kwa adui, hunyanyua askari mmoja wa kila kikosi kwa kitako, humtazama kwa kioo, humrudisha. Akimaliza humwambia jemadari wa adui kwamba ana jeshi zuri. Ndipo vita huanza. Vijana wa chama hucheka kidogo, lakini hakuna aliyewahi kugusa dadu kabla hajamaliza.

Alianza. Kikosi cha kwanza kilikuwa cha kwake, kizima, nikapumua. Cha pili nacho. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza niliyoitengeneza mimi mwenyewe, na nakumbuka niliomba ivunjike. Akafika upande wa mto. Akapapasa, akamnyanyua Mskoti mmoja mwenye mkuki, wa Clifford. Clifford alisimama karibu yangu, masikio yake mekundu kama nyama mbichi.

Mzee alimtazama muda mrefu. Akamsogeza kwenye mwanga, akamgeuza, akamtazama tena. Mimi nikajua tumekwisha. Halafu akatabasamu. Akasema kwa sauti ndogo, si kwetu, kwake mwenyewe: "Nilikuwa na mkono, enzi zile."

Alidhani ni wake, Rodney. Uongo wetu ulikuwa umefaulu. Alikuwa amesimama mbele ya watu sitini akiusifu mkono wa Clifford kama wake, akifurahi, na kilichobaki kwangu kilikuwa kunyamaza tu, kama nilivyonyamaza siku zote zile. Clifford alinikanyaga mguu ninyamaze. Nilimtazama Avis, naye alikuwa amegeuka, anamtazama baba yake, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Sikuweza. Nilisema, "Mzee, huyo si wako." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Nikamweleza palepale, wima, mwaloni, sufu, unga, karakana. Maneno yalitoka yamechanganyika. Sijui nilisema nini kwanza.

Aliniuliza wangapi. Nikasema tisini na tatu wamekwisha, na mia na themanini wamepoteza rangi. Aliniuliza tangu lini ninajua. Nikasema siku kumi na tano. Akamgeukia Clifford akamwuliza kama huyu aliye mkononi mwake ni wake, Clifford akaitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba Mzee haoni vizuri, akajibu kwa mdomo. Mzee akaleta kioo jichoni mara nyingine. "Kumbe mistari yako myeusi siioni tena," akasema.

Akamrudisha yule Mskoti mahali pake, akaunyoosha mkuki wake usimchome jirani. Akaamuru tisini na tatu wa Clifford watolewe mezani, vita vitapiganwa na waliopo. Kisha akawaambia watu kwamba mwaka ule wa kuzingirwa tauni ilikuwa mjini, ila mwaka huu imevuka mto na kuingia kambini kwa adui, kwa hiyo wamwie radhi Jemadari Tansley akionekana mpungufu. Watu walicheka. Nadhani wengi walidhani yote yale ni sehemu ya onyesho. Halafu akarudi upande wake na kutoa mezani askari wake tisini na tatu, mmoja mmoja, ili mapigano yawe ya haki. Nilitaka kumsaidia kuhesabu. Aliinua mkono bila kunitazama, nikarudi nyuma.

Walipigana mpaka saa kumi jioni. Clifford hakulaumu dadu hata mara moja. Mji haukuanguka, na mwisho, kama kila mara, Mzee alisimama akaisoma kwa kichwa ile amri ya Mfalme, iliyomaliza mzingiro wa kweli, kwamba wasalimishe mji, akawatoa watu wake langoni na bendera zao. Kwa saa zote zile hakunitupia jicho.

Tulirudi nyumbani. Pai hakuigusa. Kutoka jikoni nilimsikia akishuka kwa magoti yale mabovu mbele ya kabati, akafungua milango ya chini, akanusa. Akakaa hapo muda. Avis alitaka kwenda kumwinua, nikamzuia, akaniacha nimzuie, na hilo lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu Jumanne.

Leo asubuhi baada ya chai akaniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, amenyoa, kioo chake mfukoni. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. Nakuandikia alivyosema, nisipunguze wala nisiongeze. "Risasi kuliwa na mti, hilo hata mimi sikulijua. Lakini kunyamaza umechagua mwenyewe, na umenisimamisha mbele za watu nikajisifu kwa kazi ya mwenzangu." Nikasema ndiyo, Mzee. Akasema kabati liwe limetoka chumbani kabla ya chakula cha mchana.

Tulilitoa mimi na dada yako. Ilibidi nilifungue vipande vipande, skrubu baada ya skrubu, na kila kiungo kilinikumbusha siku niliyokichonga. Avis alibeba milango, na mgongo wake ule, akakataa nimsaidie. Kwenye korido alinishika kiwiko. Vyombo vyake vya harusi vitakaa humo, amesema, kauri haiozi. Vijiaskari vyote sasa vimetandazwa kitandani kwa baba yako, dirishani, juu ya redio, sakafuni, hakuna pa kukanyaga. Nikachukua bisibisi yangu nitoke. Nilijua yamekwisha, nimerudi kwenye soksi, na kwamba safari hii nazistahili.

"Mkwe," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. Miaka yote nimekuwa Neville, au yule wa Avis.

Alikuwa amesimama kando ya meza yake ya rangi. Ile meza, Rodney, hata Avis haruhusiwi kuweka kikombe juu yake. Alikuwa amepanga vichupa, brashi mbili, maji, na mmoja wa wale walio uchi amegandishwa juu ya kizibo. Akasema walio kama huyo ni mia na themanini, macho yake hayafai, na mwanawe yuko mwisho wa dunia. Akavuta kiti. Nikamwambia mikono yangu ni ya nyundo. Akaniambia hakuniuliza mikono yangu ni ya nini.

Nikakaa. Akalalamika kwamba nashika brashi kama patasi. Nikaichovya kwenye rangi ya koti, maana koti ni kubwa na hata mimi nisingelikosa, akanigonga kifundo cha mkono kwa kidole kimoja. "Nilimwambia Rodney, na wewe nakwambia. Anza na macho. Ukikosea, rangi ya ngozi itafunika."

Nimepaka macho mawili, shemeji, kwa saa nzima, pumzi nimeibana. Moja linatazama Lincoln na jingine linatazama Nottingham. Mzee amemtazama kwa kioo chake kuliko alivyolitazama jeshi lote jana. Akamweka kando akauke, akanipa wa pili.

Msalimie sana Glenys, na Tamsin, na huyo mdogo wenu Piers ambaye tunamjua kwa picha tu. Avis anakubusu na kukukumbusha goti. Clifford naye anakusalimu. Mwenyezi Mungu awape afya na awaepushe na ajali za barabarani, na siku moja atukutanishe tukiwa bado tunatambuana.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, nikiwa na rangi vidoleni,

Neville Outram